Springi, CO2 au hewa ya bar 300: hatari unazonunua pamoja na kifaa

Anayenunua bunduki ya upepo au ya peintiboli kwa mara ya kwanza huuliza masafa, usahihi na gharama ya kujaza. Presha huulizwa mwishoni, na swali lenyewe huwa "inabeba bar ngapi?" Namba hiyo ina maana, ila haikuambii nani ataumia na lini. Vifaa hivi havina tabia ya kulipuka vikiwa vimetulia kabatini. Huumiza pale mkono wa mtu unapofungua kitu: anapotoa mtungi, anapochomoa hosi, anapolegeza valvu inayovuja, anapochungulia mtutu ulioziba.

Kwa hiyo mifumo hii tunailinganisha kwa maswali mengine. Ni kiungio gani utakifungua kwa mikono yako? Wakati unakifungua kina presha kiasi gani? Na je, kuna dalili yoyote unayoweza kuiona au kuisikia kabla hakijaachia?

Namba kwanza, kwa ufupi

Bar na psi ni vipimo vya presha; bar moja ni karibu psi 14.5. Mitungi ya hewa ya burudani imegawanyika makundi mawili makubwa: ya psi 3000, yaani bar 207, na ya psi 4500, yaani bar 310. Mitungi ya wapiga mbizi huwa ya bar 200, 232 au 300. CO2 (kaboni dioksidi, ambayo hukaa ikiwa kimiminika) ndani ya mtungi wake kwenye joto la nyuzi 20 za selsiasi hukaa kwenye bar 57 hivi.

Bar 300 ikisukuma eneo la sentimita moja ya mraba, msukumo wake ni sawa na uzito wa kilo 300. Ndiyo maana kizibo kidogo kikiachia hakidondoki chini, kinaruka kama risasi. Presha peke yake lakini haitoshi kueleza kishindo. Ujazo nao unahesabiwa, na hapo ndipo tofauti za kweli zinapoonekana:

| Kifaa | Nishati iliyohifadhiwa (makadirio) |
|---|---|
| Springi ya bunduki ya upepo iliyokokiwa | makumi machache ya jouli |
| Bunduki ya upepo ya kujazwa hewa, lita 0.25 kwa bar 200 | kilojouli 10 |
| Mtungi wa alumini, lita 0.8 kwa bar 207 | kilojouli 32 |
| Mtungi wa nyuzi za kaboni, lita 1.1 kwa bar 310 | kilojouli 70 |
| Mtungi wa mpiga mbizi, lita 12 kwa bar 232 | kilojouli 550 |

Kilojouli 70 zinatosha kuinua gari la tani moja hadi urefu wa mita 7. Mtungi huo unabebwa mgongoni au unafungwa nyuma ya bunduki, karibu na bega na shavu.

Springi: hatari ndogo, ila vidole vijihadhari

Bunduki ya springi haina mtungi, haina hosi, haina cha kujaza. Hewa hubanwa kwa sehemu ndogo ya sekunde tu pistoni inaporuka, kisha presha inakwisha. Kwa hatari ya presha peke yake, hakuna mfumo ulio mpole kuliko huu.

Jeraha lake la kawaida linatokana na wenzo wa kukokia. Ukishakoki, springi inasubiri. Kwenye bunduki zinazopakiwa kwa kuingiza kidole kwenye tundu la chemba, notchi ya kifyatuo ikichakaa au kufuli ya usalama ikiondolewa, chemba hujifunga kwa nguvu juu ya kidole. Kinga ni moja: mkono wa pili ubaki umeshika wenzo hadi kidole kitoke. Kwenye zile za kukunja mtutu, kubonyeza kifyatuo mtutu ukiwa wazi huurudisha juu kwa kasi inayotosha kuvunja meno ya anayeinama.

Kosa jingine ni mafuta. Watu hudondoshea mafuta ya mashine kwenye tundu la hewa ili "ilainike". Hewa inayobanwa ghafla hupata moto, mafuta huwaka, na mlipuko mdogo hutokea nyuma ya risasi. Kasi hupanda bila utaratibu, sili (pete ya kuzuia mvujo) huungua, springi huvunjika. Mafuta yanayotokana na petroli, kama ya mashine, hayana nafasi mbele ya pistoni.

CO2: presha ndogo inayohadaa

Ukitazama namba tu, CO2 inaonekana salama kuliko hewa: bar 57 dhidi ya 310. Hukumu yetu ni kinyume kabisa. Kwa anayeanza, na zaidi kwa kijana anayejihudumia mwenyewe, huu ndio mfumo tunaoupendekeza mwisho. Sababu ni tatu, na hakuna hata moja inayoonekana kwenye geji.

Ya kwanza ni kwamba geji ya mtungi wa CO2 haikuambii kiasi kilichomo. Maadamu ndani kuna tone la kimiminika, geji husoma presha ile ile, mtungi ukiwa umejaa au unakaribia kwisha. Kipimo pekee cha kweli ni mizani. Ujazo unaokubalika Marekani kwa CO2 ni asilimia 68 ya uzito wa maji ambayo mtungi ungebeba. Mtungi wa gramu 567, ambao ni wa kawaida kwenye peintiboli, una nafasi ya lita 0.83 hivi. Gesi iliyobaki juu ya kimiminika ndiyo nafasi ya kupanukia. Aliyejaza kwa kukadiria, akapitisha gramu 650, ameiua nafasi hiyo. Kimiminika chenyewe kinapopanuka bila pa kwenda, kila nyuzi moja ya joto huongeza bar kadhaa.

Na joto ndilo linalobadilisha kila kitu. Kwenye nyuzi 30 presha hufika bar 72. Ikivuka nyuzi 31, CO2 haiwezi tena kuwa kimiminika na presha hupanda kufuatana na ujazo. Mtungi uliojazwa sawasawa, ukiachwa ndani ya gari juani hadi nyuzi 50, hufika karibu bar 140, mara mbili na nusu ya ile ya asubuhi. Mtungi wa hewa, hata kwenye joto zaidi ya hilo, hauna vituko: kutoka nyuzi 20 hadi 60, bar 310 hupanda hadi 352 hivi, asilimia 14 tu.

Mitungi ya CO2 ya peintiboli hutengenezwa kwa psi 1800, na kisahani cha usalama hupasuka karibu na psi 3000 ili kuachia gesi kabla mtungi haujashindwa. Kisahani kikipasuka mtungi umeokoka, lakini gesi yote imeingia ndani ya gari. Gramu 567 ni takriban lita 310 za gesi. Ndani ya gari dogo lenye lita 3000 za hewa, hiyo ni asilimia 10, kiwango kinachoweza kumzimisha dereva fahamu ndani ya dakika chache. Mtungi wa CO2 hausafirishwi kwenye sehemu ya abiria madirisha yakiwa yamefungwa.

Sababu ya pili ndiyo iliyoua. Mtungi huu hutolewa kwenye bunduki kwa kuzungushwa kwa mkono, ukiwa bado na gesi. Una hesi mbili, yaani meno ya kuzungushia: ile ya valvu kuingia kwenye bunduki, na ile ya valvu kuingia kwenye mtungi wenyewe. Mtumiaji anadhani anafungua ya kwanza. Kama valvu imekwama kwenye bunduki, au aliyeibadilisha hakuikaza kwa kipimo na gundi ya kufungia hesi, inayozunguka ni ya pili. Hakuna sauti, hakuna mvujo wa kutahadharisha, hadi hesi chache za mwisho zinaposhindwa na mtungi unaondoka kama roketi. Mwaka 2004, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilitoa onyo juu ya jambo hilo hilo baada ya vifo viwili.

Kinga yake haigharimu kitu. Chora mstari mmoja wa rangi, kwa kalamu isiyofutika au rangi ya kucha, upite juu ya valvu na shingo ya mtungi kwa pamoja. Kila unapofungua, macho yawe kwenye mstari. Nusu mbili zikiachana hata kwa milimita moja, acha, usiendelee "kidogo tu nione". Rudisha nyuma hadi nusu hizo zikutane, elekeza kitako cha mtungi pasipo na mtu, upeleke kwa fundi wa mitungi ukiwa bado umefungwa kwenye bunduki. Dalili njema nayo ipo: mtungi unaofunguka sawasawa hutoa sauti ya gesi kukatika ndani ya mzunguko wa kwanza, pini ya valvu inapofunga. Umezungusha mzunguko mzima na hujasikia kitu? Simama hapo.

Sababu ya tatu ni baridi. CO2 inayotoka hadi kwenye hewa ya kawaida hushuka hadi nyuzi 78 chini ya sifuri na kugeuka barafu kavu. Kimiminika kikimwagika kwenye kiganja kilichoshika kiungio, kiganja hugandia chuma. Bunduki ikiinamishwa mtungi ukiwa juu, kimiminika huingia kwenye regileta (kifaa cha kupunguza presha), oringi (pete za mpira za kuzuia mvujo) hukakamaa na kupasuka, na presha isiyodhibitiwa hupita mbele. Mirija ya ndani ya kuzuia kimiminika husaidia, mradi iwe imepindwa kuelekea juu kwa bunduki yako mahususi. Ikiwekwa kichwa chini hufyonza kimiminika kwa makusudi.

Vidonge vya gramu 12 vina gesi kidogo, lita 6.5 hivi, kwa hiyo madhara yake ni madogo kwa kipimo. Kosa lake ni moja tu: kufungua kofia kabla gesi haijaisha. Fyatua hewa tupu kuelekea mahali salama hadi kimya kitimie, kisha legeza robo mzunguko, subiri, ndipo uendelee.

Hewa: alumini ya bar 207 au kaboni ya bar 310

Hapa geji inasema kweli. Hewa haigeuki kimiminika kwenye matumizi haya, hivyo nusu ya geji ni nusu ya hewa, na sifuri ni sifuri. Hilo peke yake linaondoa kundi zima la makosa.

Kati ya aina mbili za mitungi, alumini ni nzito, ina presha ndogo na huvumilia kutupwa huku na huko. Mkwaruzo kwenye alumini unaonekana ulivyo. Mtungi wa nyuzi za kaboni ni ngozi nyembamba ya alumini iliyovikwa nyuzi na resini. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Pigo kali kwenye ukingo wa zege linaweza kuvunja tabaka za ndani huku juu pakiwa na alama ndogo tu. Ukipitisha ukucha na kukuta uzi umekatika au umeinuka, au pakawa na doa jeupe lenye kuonekana kama maji chini ya vanishi, mtungi hauendi kujazwa. Unaondolewa hewa na kupelekwa kwa mkaguzi.

Umri nao unatofautiana. Marekani mitungi ya aina zote mbili hufanyiwa jaribio la maji (kujazwa maji kwa presha kubwa kuona kama unahimili) kila miaka 5, lakini ya kaboni kwa kawaida hufikia mwisho wake miaka 15 tangu tarehe iliyopigwa, hata ikiwa inang'aa. Alumini haina ukomo wa miaka maadamu inafaulu jaribio. Uingereza, mitungi ya kupigia mbizi hupimwa kwa maji kila miaka 5 na kukaguliwa kwa macho kila miaka 2 na nusu.

Alumini ina maradhi yake mawili ya kuangalia. Aloi iitwayo 6351, iliyotumika sana hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, huota nyufa shingoni kwa kubeba mzigo muda mrefu. Mitungi hiyo inahitaji kipimo cha umeme cha kutafuta nyufa, na kwa burudani ni busara kuiacha tu. La pili ni joto la kupaka rangi. Watu hupeleka mtungi kupakwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Alumini ikipita nyuzi 175 inapoteza ugumu wake, na kanuni za Marekani zinautaka mtungi huo uondolewe kwenye matumizi. Rangi mpya inayong'aa kupita kiasi kwenye mtungi uliokwisha tumika ni sababu ya kuuliza maswali.

Usalama wa mitungi hii ya peintiboli uko kwenye regileta, ambayo ina visahani viwili. Upande wa kuingilia: kisahani cha psi 5000 kwa mtungi wa 3000, na cha psi 7500 kwa mtungi wa 4500. Upande wa kutokea: psi 1800. Presha ya kutoka huwa karibu psi 800, yaani bar 55. Kinachoharibika mara nyingi ni kiti cha valvu ndani ya regileta: chembe ya uchafu hukikwaruza, hewa inapenya polepole, presha ya kutoka inapanda hadi kisahani cha 1800 kinapasuka kwa kishindo. Fundi wa mtaani akichoka na kupasuka huko huweka kisahani cha 7500 upande usio wake. Kishindo kimeisha, na sasa bunduki iliyoundwa kwa bar 55 inaweza kupokea bar 310. Kisahani kinachopasuka mara mbili kinasema regileta ni mbovu. Chenyewe hakina kosa.

Angalia pia nipeli ya kujazia, yaani kichwa ambapo hosi huchomekwa. Mara nyingi ya mtungi wa 3000 na ya 4500 huingia kwenye hosi ile ile. Anayejaza asiposoma lebo, mtungi wa alumini unapelekwa bar 300, na kisahani cha 5000 ndicho kinga pekee iliyobaki. Andika "3000" kwa herufi kubwa mwilini mwa mtungi wako.

Na onyo la mstari wa rangi linahusu hewa vilevile. Regileta nayo imefungwa kwa hesi kwenye shingo ya mtungi, na inaweza kufunguka pale badala ya kwenye bunduki. Tofauti ni kwamba kwa hewa unayo njia ya kutoka: weka vali ya kufunga na kutoa hewa kati ya mtungi na bunduki, ifunge, fyatua hadi kimya, ndipo uzungushe. Mtungi usiosukumwa na presha hutoka kwa vidole viwili. Ukihitaji spana, presha bado ipo mahali fulani.

Njia za kujaza, ambako ajali nyingi huanzia

Anayenunua bunduki ya kujazwa hana budi kuchagua pia chanzo cha hewa: pampu ya mkono, mtungi wa mpiga mbizi au kompresa ndogo. Chaguo hili lina uzito kuliko chapa ya bunduki.

Pampu ya mkono ya hatua tatu au nne hufika bar 200 hadi 300. Ni ya jasho: kupandisha lita 0.25 kutoka bar 100 hadi 200 ni kusukuma lita 25 za hewa, kazi ya mikupuo mia moja na zaidi. Faida yake kwa usalama ni kwamba hakuna akiba: ukiacha kusukuma, presha haiongezeki. Ubaya ni unyevu na joto. Pumzika kila baada ya dakika tano, fungua skrubu ya kutolea maji, na usikae ukiwa umeinamia geji. Kabla ya kuchomoa hosi, fungua skrubu ya kutolea hewa na usubiri sindano ya geji ifike sifuri. Kiungio cha haraka kinachogoma kutoka hakijakwama. Kina presha ndani, na nguvu ya mkono itakiachilia ghafla, hosi ikichapa uso.

Mtungi wa mpiga mbizi una akiba kubwa na mkono hauchoki. Mtungi wa lita 12 wenye bar 232 hujaza bunduki ya lita 0.5 kutoka bar 100 hadi 200 mara saba tu kabla haujashuka chini ya 200. Wa bar 300 hujaza mara 24 hivi. Ndiyo maana watu hutamani wa 300, na huo huja na kiungio cha kuzungusha chenye hesi saba. Kiungio cha kubana kwa nira kinaishia bar 232. Hakifai kulazimishwa zaidi.

Hatari iliyojificha hapa ni hesi ya shingo. Mitungi mingi ina hesi ya M25×2, yaani ya kipenyo cha milimita 25, mingine ina hesi ya robo tatu ya inchi. Valvu ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu na inajisikia imekaza, lakini hesi zinashikana kwa ncha tu. Hupita jaribio la kwanza, kisha siku moja wakati wa kujaza valvu inatoka mzima mzima. Usibadilishe valvu mwenyewe. Soma alama iliyopigwa shingoni na ile ya valvu. Zisipofanana herufi kwa herufi, usijaze.

Kompresa ndogo ya umeme ni ya haraka, na inavutia kuacha ifanye kazi peke yake. Isiachwe. Swichi ya kujizima ikishindwa, kinachobaki ni kisahani. Maji ya kupozea yakikauka, pistoni hupata moto na mafuta yake hupita kwenye hewa. Hewa hiyo, iliyojaa mvuke wa mafuta na pengine moshi, haipumuliwi kwa hali yoyote: mtungi uliojazwa na kompresa ya bunduki haurudi kwenye kupiga mbizi.

Mafuta kwenye njia ya hewa ya presha kubwa ni moto unaosubiri. Hewa ikibanwa ghafla kutoka bar 1 hadi 200, kwa hesabu ya kinadharia inaweza kupita nyuzi 1000. Ukifungua valvu kwa pigo moja, mbele ya hewa inayokimbilia kwenye kona iliyofungwa, tone la grisi ya magari linawaka. Fungua valvu polepole sana mwanzoni, kwa kasi ambayo sindano ya geji inapanda kama ya dakika za saa na si ya kipima kasi. Oringi hupakwa grisi ya silikoni, kidogo tu. Oksijeni safi haiingii kwenye bunduki ya upepo wala mtungi wa peintiboli, hata kama mtungi wa hospitali au wa kuchomelea "una presha ile ile". Hapo hata silikoni haiokoi. Alumini yenyewe huweza kuwaka.

Ukimaliza, mtungi utakuwa wa moto na geji itashuka kwa kama sehemu moja ya kumi ukipoa. Usizidishe ili kufidia.

Kuna wanaotengeneza mizinga ya hewa kwa mabomba ya plastiki ya PVC. Namba za presha zilizopigwa kwenye bomba ni za maji. Plastiki hiyo haipasuki kwa kuraruka kama chuma, hupasuka kwa vipande vyenye makali ambavyo picha ya eksirei hupata shida kuvionyesha mwilini. Hatuilinganishi na chochote kilichotajwa hapo juu.

Hewa inapoingia mwilini

Sheria ya usalama kazini ya Marekani inazuia kusafishia kwa hewa iliyozidi psi 30, karibu bar 2. Regileta ya peintiboli inatoa mara 27 ya hiyo. Mkondo wa hewa ya presha karibu na ngozi, hasa palipo na mkwaruzo, huingia chini ya ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, maumivu ya mwanzo ni kidogo, na mtu anaendelea kucheza. Baada ya muda sehemu inavimba, na ukiibonyeza inachakarika kama mchanga mkavu chini ya kidole. Hewa ikibeba mafuta au chembe za chuma, uharibifu unaendelea ndani huku juu pametulia.

Tundu dogo kutokana na hewa ya presha ni dharura ya hospitali, siku hiyo hiyo. Usikamue, usichunguze kwa sindano, usifunge kwa nguvu. Mwambie daktari presha ilikuwa bar ngapi na kama kulikuwa na mafuta. Jicho lililopigwa halisuguliwi wala halibonyezwi; lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kitako cha kikombe cha karatasi, kisha upelekwe. Baridi ya CO2: maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, bila kusugua. Aliyezimia kwenye chumba chenye CO2 asifuatwe ndani kabla milango haijafunguliwa. Gesi hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa na hutuama chini, alipolala.

Kiwambo cha sikio kinaweza kuchanika kwa mabadiliko ya bar 0.35. Ndiyo sababu ya kutokuweka kichwa karibu na kisahani wakati wa kujaza. Tundu lake lielekezwe ukutani.

Jambo moja linasahaulika na kila mfumo isipokuwa springi: mtungi ukitolewa, bunduki bado ina hewa ya pigo moja au zaidi. Mpira wa peintiboli una gramu 3 hivi, na kwa kikomo cha kawaida cha mita 91 kwa sekunde unabeba jouli 12, tosha kabisa kuharibu jicho lisilo na barakoa. Barakoa haivuliwi kwa sababu mtungi umetoka. Inavuliwa baada ya kufyatua kuelekea ardhini hadi kimya, mfuko wa mtutu ukiwa umevishwa.

Basi uchague nini

Anayelenga shabaha peke yake, na asiye na mtu wa kumkagulia mitungi, springi inamtosha, na hasara ya mtikiso ni ndogo kuliko anavyoambiwa. Anayetaka bunduki ya kujazwa aanze na pampu ya mkono hata kama inamchosha, maana itamfundisha kutoa hewa kabla ya kuchomoa. Mtungi wa bar 300 aununue baadaye, wenye valvu iliyofungwa na mkaguzi. Kompresa ni ya klabu yenye mtu mmoja anayeisimamia, si ya kila mwanachama kuigusa.

Kwa peintiboli, hewa badala ya CO2, na alumini ya bar 207 kwa kijana atakayeuangusha mtungi kila wiki. Kaboni ina maana kwa anayefyatua sana na anayeupeleka mtungi kwenye jaribio kwa tarehe yake. CO2 ikilazimika, iwe na mizani jirani na mstari wa rangi shingoni, na mtungi mmoja ubaki na bunduki moja ili mtu azoee unavyofunguka.

Mtungi uliokwisha tumika usinunuliwe kwa picha. Omba picha ya shingo inayosomeka: presha ya kazi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya jaribio la mwisho, na hesi ya valvu. Muuzaji anayetuma picha ya geji badala yake hajajibu swali.